Kabla ya Kusema Amefurahi

Nilipokuwa na miaka 11 nilimkuta kinyonga kichakani, nikampenda papo hapo. Nilipenda macho yake, kila moja likizunguka kivyake kama ya mtu anayetafuta vitu viwili vilivyopotea kwa wakati mmoja. Nilipenda vidole vyake vilivyogawanyika mafungu mawili, vikaubana mkono wangu kama kibanio cha nguo. Nikamtia kwenye boksi, nikamwekea majani, kibakuli cha maji, na nzi niliowakamata mwenyewe. Baada ya siku mbili alikuwa mweusi tititi. Kila aliyekuja kumwona alishangaa, nami nikawa naeleza kwa fahari kwamba anajifananisha na giza la boksi. Siku ya tisa alikufa. Maji kibakulini hayakuwa yamepungua.

Miaka mingi ilipita kabla sijajua nilichokifanya. Vinyonga wengi hawayatambui maji yaliyotulia chomboni. Wao hunywa matone yanayoning'inia kwenye majani, ya mvua au ya umande, kwa hiyo mgonjwa wangu alikuwa na kiu mbele ya kibakuli kilichojaa. Na weusi ule haukuwa ufundi wa kujificha. Rangi ya kinyonga hubadilika hasa kwa joto na baridi, na kwa hali yake mwenyewe: hasira, uchumba, hofu, maradhi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza jinsi ngozi ya aina moja ya vinyonga wa Madagaska inavyofanya kazi hiyo: ndani ya seli mna fuwele ndogo mno, na zinaposogeleana au kuachana zinaakisi mwanga wa rangi tofauti. Basi mnyama wangu alikuwa akisema kwa mwili mzima kwamba yu taabani, na mimi nilikuwa nikiwaita watu waje kutazama.

Nimebaki na mapenzi hayo hayo kwa wanyama wa ajabu. Nawapenda kakakuona, pweza, fuko wasio na manyoya, ndege wenye midomo isiyolingana na vichwa vyao. Wenzangu wanaopenda hivyo nawafahamu upesi: simu zao zimejaa video za wanyama ambao wengine hata hawajui wanaitwaje. Kwa hiyo ushauri wangu nautoa kwa watu wa namna yangu, na wa kwanza ni huu: kabla ya kusema mnyama amefurahi, tafuta kwanza aina yake inaonyeshaje hofu.

Chukua mfano wa lorisi, yule mnyama mdogo wa Asia mwenye macho makubwa, jamaa wa mbali wa komba. Ziko video ambamo anatekenywa naye anainua mikono juu ya kichwa, kama mtoto anayeomba aendelee kuchezewa. Nami nilizitazama, nikazituma kwa marafiki. Ukweli ni kwamba lorisi ana tezi ya sumu upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko. Anapotishwa huinua mikono ili aweze kuilamba tezi hiyo na kuchanganya majimaji yake na mate, tayari kuuma. Ile tuliyoiona kama raha ilikuwa ni kujihami. Na kwa kuwa anauma kwa sumu, wafanyabiashara wengi humkata meno kabla ya kumuuza. Biashara ya kimataifa ya lorisi wa porini ilipigwa marufuku mwaka 2007, lakini kila video inayosambaa humfanya mtu fulani atamani kuwa naye nyumbani. Sokwe naye, akikenua meno yote kwenye picha mkadhani anacheka, mara nyingi ni woga.

Tangu nilipojua hayo nina desturi moja. Kabla sijamtumia mtu video, natazama mnyama yuko wapi, nani amemshika, na kama ana njia ya kuondoka akitaka. Asipokuwa na njia ya kuondoka, situmi. Wapo walioniona mkali kupita kiasi. Sijali, maana kibakuli kile bado nakiona.

La pili ni umbali, na hapa kisa kinachoniuma ni cha Freya. Alikuwa walarasi jike, mnyama wa bahari ya baridi mwenye pembe mbili mdomoni, uzito wake kama kilo 600. Kiangazi cha 2022 alijitokeza kwenye ghuba ya Oslo nchini Norway, akawa anapanda juu ya mashua za watu kuota jua, nyingine zikazama. Watu walimpenda mno! Mamlaka ziliwaomba wakae mbali, lakini waliendelea kumsogelea, kuogelea karibu naye, wengine wakiwa na watoto, ili wapate picha. Tarehe 14 Agosti mwaka huo aliuawa, maelezo yakiwa kwamba hatari kwa watu ilikuwa imezidi. Watu wakakasirika, wakachanga fedha, na mwaka 2023 sanamu yake ya shaba ikawekwa Oslo. Wengi walijadili kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mimi namfikiria zaidi aliyesimama hatua chache kutoka kwake akiwa na simu mkononi, kwa sababu namjua. Alimpenda kama nilivyompenda kinyonga wangu. Laiti wale wote wangerudi nyuma, huenda Freya angemaliza kupumzika akaenda zake.

Jambo jingine: ukipenda kisa cha mnyama, kifuate mpaka mwisho. Wengi tunamkumbuka Owen, mtoto wa kiboko aliyeachwa peke yake wakati wa tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa karibu na Malindi na kupelekwa Haller Park, Mombasa. Huko alimkimbilia Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi, wakawa wanakula na kulala pamoja. Picha zao zilizunguka dunia. Kinachosimuliwa kidogo ni kwamba Owen aliendelea kukua, na kiboko aliyekua huzidi tani moja. Walezi wake walimtafutia kiboko jike, Cleo, ili aishi na wa aina yake, na kobe akatengwa asije akaumizwa. Kwangu sehemu hiyo ndiyo tamu kuliko zote. Walikuwa na kivutio ambacho kila mtu alitaka kukiona, wakakiacha kwa ajili ya Owen mwenyewe.

Unataka kuona mapenzi yanavyofanya kazi vizuri? Soma habari za kakapo, kasuku wa New Zealand asiyeweza kuruka, mnene, wa kijani, anayetembea usiku. Mwaka 1995 walikuwa wamebaki 51. Walinzi wao walihakikisha kila kakapo ana jina, wakawavisha vifaa vya kuwafuatilia, wakawaongezea chakula ili majike wapate nguvu ya kutaga. Wakashangaa vifaranga wengi wakiwa madume, na kwa ndege waliobaki wachache hivyo, kukosa majike ni balaa. Walipochunguza wakaona kwamba jike aliyenenepa huelekea kuzaa madume zaidi. Wakapima uzito wa kila jike, wakapunguza chakula kwa wanaohusika, na uwiano ukarekebika. Leo kakapo ni zaidi ya 200. Nikisoma hapo huwa natulia kidogo. Hao nao walikuwa wamewawekea ndege wao kibakuli kisichofaa, ila wao walikuwa wakiangalia, wakahesabu, wakakubali kubadilika mapema.

Ukiniuliza uanzie wapi, nitakwambia chagua mnyama mmoja tu kwa mwaka mzima. Jua anakula nini, analala saa ngapi, anaogopa nini, anatoa sauti gani. Mwandike kwenye daftari. Kama anaishi jirani nawe, mtembelee bila kumgusa, na ukae kimya kwa muda unaochosha kidogo, maana mambo mazuri huanza hapo.

Mimi nilimchagua kinyonga. Kuna asubuhi nilitoka kabla jua halijachomoza, nikachuchumaa hatua tatu kutoka kwenye kichaka alimokuwa amelala, rangi yake imepauka kwa usingizi. Nilikaa hadi miguu ikafa ganzi. Jua lilipofika kwenye tawi alianza kukolea upande uliopata mwanga, kisha akageuza jicho moja kuelekea jani lililokuwa juu yake, akanyoosha shingo polepole, akafungua kinywa chini ya tone la umande, akanywa.