Uliza Tujibu: Meya hana hela, sasa nani anazo?

Mwezi huu barua karibu zote ni za mambo ya jiji. Tangu 2020 manispaa za Uganda kama Arua, Gulu, Jinja, Mbale, Masaka, Lira na wenzao walipopandishwa kuwa majiji, watu walidhani kesho yake asubuhi lami itafika mlangoni, haikufika, na sasa mnaniandikia mimi kana kwamba ofisi ya tauni klaki, yule mtendaji mkuu wa jiji, iko sebuleni kwangu. Sawa tu, tujibu. Barua zenye malalamiko jina la jiji nimelitoa makusudi maana upande wa pili sijausikia.

SWALI: Mzee habari ya kazi. Sisi watu wa boda tulichanga tukatuma wenzetu kwa meya, barabara ya kwetu imeoza, mvua ikinyesha hata mama mjamzito huwezi kumfikisha hospitali. Meya akawapokea vizuri, soda wakanywa, mwisho akasema yeye hela hana. Meya gani hana hela? Ama anatuzungusha?
– Boda wa steji ya sokoni

JIBU: Ndugu yangu hakuwazungusha, ni nyinyi mligonga mlango ambao si wenyewe. Meya ni mtu wa kura, anaongoza kamati yake ya utendaji, anapeleka mambo kwenye baraza, baraza linapitisha. Lakini anayesaini hela itoke ni tauni klaki, yeye ndiye afisa mhasibu, hachaguliwi na mtu, uhasibu huo anapewa na katibu wa hazina kule Kampala na hesabu zikienda kombo ni yeye anasimama mbele ya kamati ya bunge kutoka jasho, meya hayumo.

Halafu hiyo hela yenyewe. Sehemu kubwa ya bajeti ya jiji inatoka serikali kuu na inafika ikiwa tayari imeandikwa kazi yake, hii ya mishahara ya walimu, hii ya vituo vya afya, hii ya barabara fulani. Huwezi kuchukua ya walimu ukaenda kumwaga maramu. Ile ambayo jiji linajiamulia ni ile linayokusanya lenyewe, leseni, kodi ya majengo, ada za soko, na hiyo ukiiweka pembeni ya ile ya Kampala ni kidogo kweli. Mtasema mbona katikati ya mji kuna lami safi na taa za sola, hizo sehemu nyingi ni za USMID, mradi wa hela za Benki ya Dunia ulioanza 2013 na manispaa 14, haukutoka mfukoni kwa meya hata kama picha yake ilibandikwa siku ya kuzindua.

Kabla hamjarudi huko ulizeni kwanza hiyo barabara ni ya nani. Kama ni ile kubwa inayopita mji kwenda wilaya nyingine ama mpakani, hiyo si ya jiji, ilikuwa ya UNRA, ile mamlaka ya barabara za taifa, na UNRA ilipovunjwa ikarudi wizara ya ujenzi. Kama ni ya mtaani basi ni jiji na divisheni yenu, yaani ile sehemu ya jiji mnayokaa. Na hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, muda. Mwaka wa hela unaanza tarehe 1 Julai, baraza linatakiwa liwe limepitisha bajeti kufikia 31 Mei, na lile kongamano la bajeti ambalo wananchi wanaalikwa kwa kawaida linafanyika mwisho wa mwaka, kama Oktoba au Novemba hivi. Mkienda Machi, hesabu zimeshapangwa, barabara yenu haimo, tauni klaki hata akilia na nyinyi atailipa kutoka fungu gani? Kwa hiyo anzeni na kaunsela wenu wa divisheni, barabara iingie kwenye orodha ya wodi, halafu wale mliowatuma kwa meya watumeni kwenye kongamano, na wasikae nyuma kimya, waombe kipaza sauti. Soda ziko hata huko.

SWALI: Nina saluni ndogo, pembeni nauza maji na soda. Vijana wa enfosimenti, wale askari wa jiji, walikuja wakasema leseni imeisha wanafunga, halafu mmoja akanivuta kando akasema nimpe elfu hamsini yaishe. Nilimpa. Risiti hakunipa. Sasa nimelipa ama sijalipa?
– Mama Saluni

JIBU: Hujalipa dada yangu, umewanunulia chakula cha mchana. Na wiki ijayo njaa itawarudia.

Leseni ya biashara siku hizi hailipwi mkononi. Unaenda ofisi ya divisheni, wanakukadiria kwa aina ya biashara na mahali ulipo, mfumo unatoa namba ya malipo ile wanaita PRN, unalipia benki au kwa simu yako mwenyewe, ndipo leseni inatoka. Mtu akikuambia mfumo uko chini kwa hiyo mpe yeye atakulipia, mwambie utasubiri mfumo uamke. Hiyo soda na maji itaje hapo hapo wakati wa kukadiriwa, usiifiche, maana ukiificha ndiyo kamba watakayokufungia siku nyingine.

Kingine, angalia tarehe kwenye leseni yako ya zamani. Sheria ilirekebishwa 2015 na leseni sasa inaishi miezi 12 tangu siku iliyotolewa, haifi tena tarehe 31 Desemba kama zamani, lakini Januari ikifika utasikia watu wanapita madukani wakiimba mwaka mpya leseni mpya. Kama yako uliitoa Juni, iko hai mpaka Juni, itundike ukutani pale kila mtu anaiona. Huyo kijana ukimjua jina peleka kwa tauni klaki msaidizi wa divisheni, ndiye bosi wao hapo, na kama unaona huko watalindana basi IGG, wale wa serikali wanaopambana na rushwa, wana ofisi mikoani. Uchungu wangu mimi ni kwamba hela inayokusanywa na divisheni nusu inabaki hapo hapo divisheni na nusu inaenda jijini, hiyo elfu hamsini ingekuwa ya mtaro wa mbele ya saluni yako.

SWALI: Nilinunua kiwanja kwa familia moja, tukaandikishana, LC1, chemani wa kijiji, akagonga muhuri, majirani wakasaini, mbuzi akachinjwa. Nimejenga vyumba vinne vya kupangisha, vimefika kwenye linta. Juzi wakaja watu wa jiji wakapiga X nyekundu ukutani. Kwani muhuri wa LC haufanyi kazi jijini?
– Baba Mapacha

JIBU: Unafanya kazi Baba Mapacha, ila si hiyo kazi uliyoupa. Muhuri wa LC1 unasema huyu mtu tunamjua, aliyemuuzia tunamjua, mpaka unaishia kwenye mti ule. Hausemi jenga. Hiyo ruhusa chemani wa kijiji hana, hata angegonga mihuri kumi.

Najua kilichowapata watu wengi wa huko kwenu. Majiji yalipoundwa yalimeza sabukaunti za pembeni, Arua ikaingiza Ayivu, Masaka ikaingiza Mukungwe na Kabonera, mtu amelala shambani kwake na mihogo yake ameamka yuko jijini, kesho anaulizwa ramani. Lakini hata kabla ya hapo sheria ya mipango ya 2010 ilishatangaza nchi nzima kuwa eneo la mipango, nchi nzima kabisa, siyo mjini tu, tofauti ni kwamba kule kijijini hakuna aliyewahi kuja kuuliza.

Utaratibu uko hivi. Kwanza afisa mipango, unamwendea na makubaliano yako ya kununua na mchoro wa kiwanja, yeye anaangalia hapo pamepangwa nini, makazi, barabara, soko ama kinamasi. Halafu michoro ya nyumba iliyochorwa na mtu anayejua, siyo ile ya kalamu nyuma ya daftari la mtoto, injinia anaangalia kama nyumba itasimama, afisa afya anaangalia choo kiko wapi na maji machafu yanaenda wapi, unalipa ada kwa namba ya malipo kama yule mama wa saluni, kamati inakaa, ukipita unapewa kibali cha ujenzi chini ya sheria ya 2013. Ndiyo, inachelewa. Kamati inaweza kukosa kukaa kwa sababu mtu mmoja yuko safari, na hili mimi sitalitetea, jiji linaloharakia kupiga rangi nyekundu lingeharakia pia kukaa kikao. Ila ukijenga bila kibali umewapa wao fimbo.

Sasa hiyo X. X siyo tinga la kubomoa. Simamisha mafundi leo, usijenge usiku, maana watu wa usiku ndio tinga linawafuata. Nenda kwa afisa mipango uulize swali moja tu, shida ni kibali ama shida ni mahali? Kama ni kibali, mara nyingi kuna njia, utapeleka michoro, utalipa na faini juu, utaendelea. Kama ni mahali, yaani uko juu ya barabara iliyopangwa au ndani ya kinamasi, hapo hela yoyote mtu atakayokuahidi kukutengenezea ni ya kukuibia, kinamasi kina NEMA, mamlaka ya mazingira, nyuma yake. Afadhali kupoteza ukuta wa linta kuliko kupoteza nyumba yenye mabati.

Na niulize, siku ya mbuzi, mke wa aliyekuuzia alisaini? Ardhi ambayo familia inaishi juu yake ama inakula kutoka kwake haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, sheria ya ardhi inasema hivyo. Kama hakusaini, ukitoka kwa afisa mipango pitia kwao, hiyo X nyingine bado haijapigwa.

Ukimaliza vyumba jua pia vitaingia kwenye kodi ya majengo kwa sababu ni vya kupangisha. Nyumba unayolala wewe mwenyewe na familia hailipiwi, watu wengi wanachanganya hapo na wengine wanatishwa bure.

SWALI: Kati ya meya na RCC nani mkubwa?
– Wabishi wa kijiweni, Jinja

JIBU: Inategemea mmebishania bia ama chai. RCC, yaani kamishna mkazi wa jiji, anateuliwa na rais, anamwakilisha, anaongoza kamati ya usalama na anafuatilia miradi ya serikali kama inafanyika kweli. Meya amechaguliwa na nyinyi na ndiye kichwa cha siasa cha jiji. Mmoja hamwajiri mwenzake na hamfukuzi mwenzake. Kusaini hela hakuna hata mmoja, hilo tumeshalimaliza kwa watu wa boda.

SWALI: Mwalimu wa shule ya msingi hapa. Mshahara wa Julai na wa Agosti umekatwa kitu kinaitwa LST, kodi ya huduma za mitaa. Je ile kodi ya kichwa imerudi kwa mlango wa nyuma?
– Mwalimu

JIBU: Mwalimu, wazee wetu walioikimbia ile kodi ya kichwa mpaka wakalala migombani wakisikia hivyo watakukasirikia. Ile ilisimamishwa 2005. Hii ya sasa ilikuja 2008 kuziba pengo ambalo serikali za mitaa zilibaki nalo, inaanzia shilingi 5,000 na mwisho wake ni 100,000 kwa mwaka mzima kulingana na mshahara, inakatwa mara nne kwenye miezi minne ya kwanza ya mwaka wa hela. Kwa hiyo utaiona tena Septemba na Oktoba halafu inaondoka. Ukiiona Desemba peleka payslipu kwa mhasibu wenu.

SWALI: Takataka za sokoni zinarundikana, gari linakuja likitaka. Tuchome?
– Muuza nyanya

JIBU: Msichome, kavera, ile mifuko ya plastiki, zikiungua moshi wake mnaula wenyewe na watoto. Gari la takataka linakula mafuta kila siku na mafuta ni katika vitu vya kwanza kukatwa bajeti ikibana, ndiyo sababu linakuja likitaka. Lakini angalia rundo lenyewe, sehemu kubwa ni maganda ya matoke, majani, nyanya zilizooza. Mkitenga hayo na kavera kila mtu kwenye meza yake, wenye ng'ombe na mbuzi watakuja kuyachukua wenyewe asubuhi, na gari litabaki na kazi nusu. Miji kama Mbale, Lira, Soroti na Fort Portal ilijengewa viwanda vya mboji chini ya mpango wa NEMA kwa sababu hii hii, takataka zetu nyingi ni mbolea. Ukirundika kila kitu pamoja unapata Kiteezi, kule Wakiso mlima wa takataka wa Kampala ulianguka Agosti 2024 ukafunika nyumba na watu ndani. Mwenyekiti wa soko aandike barua kwa divisheni aombe ratiba ya gari yenye siku na saa, ibandikwe getini, ili likikosa kuja muwe na kitu cha kuonyesha.

SWALI: Mimi kijana nimemaliza chuo. Naruhusiwa kuingia kikao cha baraza la jiji kusikiliza ama mpaka niwe na mtu ndani?
– Kijana wa Gulu

JIBU: Ingia. Vikao vya baraza viko wazi kwa watu, na baraza linatakiwa kukaa walau mara moja kila miezi miwili. Kinachoshinda watu ni kujua siku, kwa hiyo nenda ofisi ya karani wa baraza uulize tarehe na ajenda, au msumbue kaunsela wako kwa simu. Siku yenyewe wahi, vaa vizuri, beba kitambulisho, kaa sehemu ya wageni, simu izime. Kuongea huruhusiwi, spika atakutoa, hata kama kaunsela wenu anasema uongo mbele yako. Huo uandike kwenye daftari umngoje nje kwenye ngazi.