Maswali ya Wasomaji: Podikasti kwa Msomaji Makini

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa fasihi katika shule ya sekondari wilayani Kongwa, na mwisho wa wiki hupanda basi kwenda Dodoma mjini. Ningependa kuitumia safari hiyo kusikiliza podikasti za fasihi, siasa na fikra, lakini nyingi nilizojaribu ni porojo tupu. Nianzie wapi, ikizingatiwa kwamba bando ni ghali na Kiingereza cha haraka hunichosha?

JIBU: Mwalimu, tafuta kwanza podikasti ya hadithi fupi ya jarida la The New Yorker, iliyoanza mwaka 2007. Kila mwezi mwandishi mmoja huchagua hadithi ya mwandishi mwingine iliyokwisha kuchapishwa humo, akaisoma yote kwa sauti, kisha akaijadili na mhariri wa hadithi, Deborah Treisman. Naitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu matini hutangulia uhakiki. Hadithi ikiisha, simamisha sauti, andika mistari michache kuhusu msimulizi na mhusika aliyekugusa, ndipo usikilize wao wameona nini. Wanafunzi wetu wengi hukutana na uhakiki kwenye vitini kabla hawajaifungua riwaya yenyewe, na madhara yake bila shaka unayaona kila unaposahihisha insha zao.

Kwa upande wa fikra, ipo In Our Time ya BBC Radio 4, iliyoanza mwaka 1998 na kuongozwa na Melvyn Bragg kwa zaidi ya miaka 25. Wataalamu watatu hujadili mada moja, kama vile kitabu cha Plato kiitwacho Jamhuri au maandishi ya mwanafikra wa siasa Hannah Arendt. Kila kipindi hujitegemea, hivyo chagua upendacho, ukipakue kwa bando la usiku, na kwa kuwa wanazungumza kwa kasi, kisikilize wakati wa kwenda na ukirudie wakati wa kurudi.

Kuhusu siasa, podikasti nyingi mashuhuri za Kiingereza huzungumzia London na Washington. Zitakuonyesha jinsi hoja inavyojengwa na kubomolewa, lakini hazitakueleza lolote kuhusu maji au barabara za Kongwa. Kwa hayo, soma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, katika tovuti ya Bunge letu: chukua kikao kimoja, ufuatilie swali la mbunge, jibu la waziri, kisha swali la nyongeza, ambapo mara nyingi ndipo jibu la kwanza hupimwa uzito wake.