Kondoo mzima na ngoma za Xinjiang, Guangzhou: jibu kwa mkuu anayekwenda maonyesho ya Oktoba

Mkuu, umesema mnakwenda watu watano, mwenye kiwanda kawaahidi "kondoo mzima na ngoma" kwenye mgahawa wa Xinjiang, na wawili kati yenu hawagusi nyama isiyo halali. Ukauliza kama ni kitu cha maana au ni mtego wa wageni tu. Nimekaa Guangzhou miaka kadhaa nikisimamia mizigo ya watu wa Kariakoo, na meza za namna hiyo nimezikalia sana, nyingine kwa mfuko wangu, nyingine kwa mfuko wa mwenyeji. Nendeni. Ila nendeni kwa ajili ya nyama. Ngoma ichukulieni kama nyongeza.

Tuanze na halali, maana hilo litawasumbua kabla hata hamjaketi. Xinjiang iko kaskazini-magharibi kabisa mwa China, inapakana na Kazakhstan, Pakistan na nchi nyingine kadhaa, na Wauyghuri, wenyeji wa huko, ni Waislamu. Mgahawa wa kwao huwa na maandishi haya mlangoni au kwenye cheti cha ukutani: 清真, yaani halali. Yahifadhini kwenye simu. Msitegemee kuona neno la Kiarabu. Beijing migahawa iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu mwaka 2019, na miji mingine nayo ikafuata. Halafu msishtuke mkiona bia kwenye meza ya jirani. Ile mikubwa yenye jukwaa inauza pombe, hata kama nyama ni safi. Asiyetaka hata kukaa karibu nayo aende kwenye vile vimgahawa vya kifamilia maeneo ya Xiaobei, wanakokula Waafrika na Waarabu wengi. Kule hakuna ngoma, lakini utakula ukashiba na roho imetulia.

Kuna jambo moja la kumuuliza mwenye kiwanda mapema: kondoo huyo ni wa Xinjiang au wa Mongolia ya Ndani, mkoa mwingine wa kaskazini mwa China? Wachina wengine hawaoni tofauti, kwao yote ni kondoo na burudani. Kwa Wamongolia nako kuna kondoo mzima, na waimbaji waliovaa majoho wanakuvika kitambaa cha hariri cha buluu shingoni, wanakuimbia mpaka umalize kikombe cha pombe kali. Nyama yao ya kuchemshwa kwa chumvi tu mimi naipenda sana, mimi si Mwislamu. Lakini kimila Wamongolia humpasua kondoo kifuani na kuukata mshipa mkubwa kwa ndani, koo hawaligusi. Nyama ya mgahawani huenda imetoka machinjio tofauti kabisa, ila wenzako wawili hawatakula kwa kubahatisha.

Sasa huyo kondoo mzima. Kwa Wauyghuri hupakwa uji mzito wa viini vya mayai, unga, bizari nyembamba, manjano na chumvi, kisha anashushwa kwenye tanuri la udongo na mdomo wa tanuri unafunikwa. Ngozi ya nje inatoka na rangi ya dhahabu, inavunjika kwa meno. Analetwa kwa toroli, kafungwa utepe mwekundu, muziki unapandishwa, kila mtu anatoa simu. Mgeni mkubwa hupewa kisu akate kipande cha kwanza, jiandae kuwa wewe. Kisha anarudishwa pembeni kukatwakatwa. Ni heshima kubwa, na mwenyeji akishaagiza msimkatalie. Ila ni lazima aagizwe mapema, na kwa watu watano au sita ni nyama nyingi kupita kiasi. Mbavu na mabega ni raha, paja la ndani mara nyingi linakuwa kavu. Kama mnalipa wenyewe, chukueni mbavu za kuchoma au mguu mmoja, mtakula sehemu nzuri tu na hela inabaki.

Tena kuna mishikaki, na hapa ndipo nitakapokaa kidogo, maana watu wanaipita haraka wakisubiri toroli. Tafuteni ile inayochomekwa kwenye vijiti vya hongliu, mti mwekundu unaoota jangwani kule. Vipande ni vikubwa, na katikati ya nyama kunawekwa kipande cha mafuta. Sisi tumezoea kuloweka nyama kwa papai, tangawizi na kitunguu saumu mpaka ladha ya mnyama inajificha. Wao wanapaka kidogo sana, wengine hawapaki kabisa. Chumvi, bizari nyembamba na pilipili ya unga vinanyunyizwa nyama ikiwa juu ya mkaa. Kondoo akiwa mbaya huna pa kumficha. Kwa hiyo mimi naagiza kwanza miwili miwili kwa kila mtu. Ikija mizuri, naongeza. Msiagize hamsini kwa mkupuo, mafuta ya kondoo yakipoa yanaganda na utakula mshumaa.

Pilau yao ina vipande vikubwa vya kondoo, karoti za njano nyingi, vitunguu na mafuta. Mdalasini na karafuu hamna. Mtu wa Tanga niliyempeleka alilalamika mwanzo mpaka mwisho na sahani akaimaliza. Kwao hicho ni chakula cha mchana, usiku unaweza kuambiwa kimekwisha. Kando yake ombeni pilahong, ambayo ni kachumbari tu: kitunguu, pilipili mbichi na nyanya. Bila hiyo mafuta yatawashinda. Mkate wao wa tanuri ni mzuri ukiwa wa moto; tambi za laghman za kuvutwa kwa mkono ni kwa asiyependa nyama nyingi. Dapanji ni kuku na viazi kwenye sinia kubwa, sinia moja linatosha watu wanne, kwa hiyo asiagize kila mtu la kwake.

Ngoma yenyewe? Huanza kama saa moja na nusu usiku, wakati mwingine inarudiwa baadaye, na kila awamu haifiki hata nusu saa. Wakipiga ala za kweli kaa usikilize: dutar na rawap za nyuzi, na dap, ambayo ukiiona utasema ni dufu, ila ndani ina pete ndogo za chuma zinazolia. Muqam, muziki wao wa asili, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu. Wachezaji wa kike wanatembeza shingo kushoto na kulia bega halitikisiki, wengine wanabeba bakuli kichwani. Lakini sehemu nyingi ni spika kubwa, muziki wa kurekodiwa, na katikati wanachomeka kukata kiuno kwa vazi la Kiarabu ambako hakuhusiani na Wauyghuri hata kidogo. Meza ya mbele ya jukwaa ikikosekana, shukuru; pale hamtasikilizana na mwenye kiwanda hata bei ya katoni moja. Mwishoni watawavuta wageni wacheze. Ukikataa, weka mkono kifuani na uiname kidogo, watakuelewa.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hao vijana wanaowahudumia. Msiwaulize habari za kwao. Mnajua yaliyosemwa kuhusu makambi ya Xinjiang, walikofungiwa Wauyghuri. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti nzito Agosti 2022, na China iliikataa. Mimi siwezi kuangalia ile ngoma nikasahau hayo, na nadhani si haki kumtia kijana wa watu hatarini ili wewe upate stori ya kusimulia. Salamu ya "assalamu alaikum" kutoka kwa wenzako wawili inatosha, ingawa hata hiyo wengine wataijibu kwa tabasamu tu.

Bei: mshikaki wa hongliu nimelipia kati ya yuan 10 na 20. Kondoo mzima anapita yuan 1,000, na yule wa kuletwa kwa toroli penye jukwaa anaweza kwenda juu sana ya hapo. Nyama ya kupima inaandikwa kwa jin, ambayo ni nusu kilo, siyo kilo, kwa hiyo zidisha mara mbili kabla hujaona ni rahisi. Bakshishi haitolewi. Na unganisheni kadi zenu kwenye Alipay, programu ya kulipia kwa simu, mkiwa bado nyumbani, kwa sababu uthibitisho wa benki unakuja kwa ujumbe kwenye laini ya nyumbani, na ukiwa kule laini hiyo inaweza isishike.

Mengine uliza hapa hapa, nitajibu nikipata nafasi.