Mwani unaopauka, sabuni inayomeguka, majongoo bahari wasiokua: majibu kwa wasomaji wa Unguja na Pemba

Mwani wangu wa aina ya kotonii unapauka ncha, unakuwa mweupe, kisha unakatika na kuchukuliwa na maji. Ile aina nyingine, spinosum, ya jirani haina neno. Nitie dawa gani? (Mkulima wa mwani, Paje)

Hakuna dawa ya kutia, mama. Weupe huo, ambao wataalamu wanauita aisi-aisi, huanza pale mmea unapochoka: maji yamepata moto, mvua ya masika imepunguza chumvi, au maji yamelala bila mkondo. Mwani ukishadhoofika ndipo bakteria huingia kwenye tawi, rangi ikatoka na tawi likakatika. Kotonii hustawi kwenye maji ya nyuzi joto 25 hadi 30 hivi, na ikipita hapo kwa muda mrefu huanza kuumwa. Spinosum ni mvumilivu zaidi. Kwenu mashariki, wakati wa bamvua, maji hutoka asubuhi na kubaki chini huku jua linapanda. Siku za kaskazi, yale maji ya magotini yanayobaki shambani huchemka mno kwa kotonii.

Kuna sababu nyingine, nayo ni mbegu. Mwani ulipoanza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu ilitoka Ufilipino, na tangu hapo imezidishwa kwa kukata matawi. Tawi likikatwa kutoka kwa mama yake linabaki kuwa yeye yule, kwa hiyo mashamba mengi yana mmea mmoja uliorudiwa mara elfu. Kinachoangusha fungu moja kinaweza kuangusha kamba nzima.

Fanya hivi. Mafungu yaliyopauka yakate leo na uyatoe nchi kavu. Ukiyaachia majini yanaambukiza ya jirani. Yaliyotimiza wiki nne na bado ni mazima yavune, usingoje zile sita za kawaida. Mbegu ya kupandia chukua ncha changa, ngumu, zenye rangi moja, gramu 100 kwa fungu. Taitai, yaani kijikamba cha kufungia fungu kwenye kamba, ifungwe kwa nafasi, maana ikibana inakata shina na kidonda ndicho mlango wa ugonjwa. Kati ya fungu na fungu acha sentimita 20 hadi 25. Kamba isiguse mchanga, na maji yakitoka kabisa mwani usibaki hewani.

Tiba ya kweli ni maji marefu yenye mkondo. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani hapa Zanzibar, amefanya kazi ya miaka mingi na wakulima kuhusu jambo hili, ikiwemo kupanda kotonii ndani ya nyavu za bomba kwenye kina kirefu. Njia hiyo inataka chombo na watu wanaojua kuogelea, na wakulima wetu wengi hawakufundishwa kuogelea. Kama chombo hamna, ushauri wetu ni spinosum wakati wa kaskazi, na kamba chache tu za kotonii ukiingia upepo wa kusi, hata kama bei ya kotonii inakuvuta.

Sabuni yetu ya mwani inameguka tukiikata, na wateja wanasema inawasha. Tunapima kwa kikombe, tunatumia mafuta ya nazi na tunatia mafuta ya karafuu. (Kikundi cha akina mama, Micheweni)

Kikombe ndicho kinachowaponza. Kostiki soda hupimwa kwa uzito, kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Kilo 1 ya mafuta ya nazi huliwa yote na kostiki gramu 183 hivi. Mkitia zaidi ya hapo, inayobaki inawasha ngozi. Na hata mkitia 183 kamili, sabuni ya nazi tupu hukausha mwili. Kwa hiyo pimeni hivi: mafuta ya nazi kilo 1, kostiki gramu 160, maji safi gramu 350, unga wa mwani gramu 20 hadi 30. Mafuta kidogo yatabaki bila kugeuka sabuni, na hayo ndiyo yanayolainisha.

Mwani wa sabuni uoshwe kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara mbili utoke chumvi na mchanga, uanikwe upya juu ya chanja, usagwe na uchekechwe kwa kitambaa chepesi. Ule wa kuuza kwa mnunuzi msiuoshe kwa maji baridi wala kuuacha unyeshewe, kwani unapoteza ule ute mzito anaoutaka.

Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi juu ya kostiki hata siku moja, kwa sababu huruka usoni. Tumieni ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha stili. Sufuria zetu za alumini haziwezi kazi hii: kostiki inazila, na hewa inayotoka inashika moto. Vaeni glavu na miwani, kaeni nje penye upepo, watoto wawe mbali. Ikirukia ngozi, oshea maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi.

Ngojeni mchanganyiko upoe hadi nyuzi joto 40 hivi, mafuta nayo yawe vuguvugu, ndipo muunganishe na kukoroga mpaka uwe mzito kama uji mwepesi. Unga wa mwani uingie hapo. Mafuta ya karafuu yaingie mwisho kabisa, gramu 5 tu kwa kilo ya mafuta ya nazi, kalibu ya kumiminia ikiwa tayari pembeni. Karafuu hugandisha sabuni ghafla, na ikiganda kabla haijachanganyika vizuri inatoka na mabaka: sehemu moja kostiki nyingi, nyingine mafuta matupu. Tunaamini hapo ndipo muwasho wenu ulipo, pamoja na wingi wa karafuu yenyewe, kwani hata peke yake inachoma ngozi.

Kumeguka ni suala la muda. Sabuni ya nazi hukauka haraka; ikatwe ingali na joto kidogo, siku ileile iliyomiminwa. Mkiilaza mpaka kesho, kisu kinaivunja. Kisha ikae kivulini penye hewa wiki nne hadi sita kabla ya kuuzwa.

Nimezungushia nyavu eneo la mita 10 kwa 10 na kutia majongoo bahari 1,000 wa mchangani. Miezi inapita, hawakui. Niwape chakula gani? (Mfugaji, Kisiwani Pemba)

Tatizo lako ni hesabu, kaka, chakula kipo. Jongoo wa mchangani, Holothuria scabra, humeza mchanga na kula kile kiutando kilichomo ndani yake. Mita moja ya mraba ya mchanga mzuri hubeba kama gramu 200 za majongoo hai. Uzio wako ni mita za mraba 100, kwa hiyo unabeba kilo 20 zote kwa jumla. Wanyama 1,000 wa gramu 20 kila mmoja wameshaijaza. Ukitaka wafike gramu 400, uzio huo unatosha wanyama 50. Ama upanue uzio, ama uwapunguze. Kuwamwagia chakula kutaozesha mchanga tu.

Angalia na mahali penyewe: mchanga wenye tope kidogo na majani ya bahari, maji yasikauke, na mbali na mlango wa mto, kwani maji baridi ya mvua yanawaua. Kaa hula majongoo wachanga, kwa hiyo tega kaa hao mara kwa mara. Wahesabu majongoo usiku, maana mchana wengi wamejifukia. Na usifanye hesabu ya faida kwa uzito wa mbichi: jongoo wa gramu 400 akitolewa matumbo, akachemshwa na kukaushwa, hafiki hata gramu 40.

Kaa nazi wanafugika? (Kijana, Fumba)

Kwa biashara, hapana. Mabuu yake huelea baharini wiki kadhaa, wachanga hubeba magamba matupu ya konokono kama kaa duvi, na anahitaji karibu miaka mitano kufikia umri wa kuzaa. Atakayekwambia anauza wa kufugwa amewatoa porini. Ukitaka kuwaona, kwenye Kisiwa cha Chumbe wapo na wanalindwa.

Wazee wanasema nyama ya kasa ikichemshwa sana haina madhara, tena ni dawa ya pumu. Ni kweli? (Mama wa watoto wanne, Mkoani)

Si kweli, na tunakuomba uwaambie majirani leo. Machi 2024, Kisiwa Panza, watu 9 walifariki baada ya kula kasa, 8 kati yao watoto, na wengine 78 walilazwa. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kutia ndimu. Haina harufu wala rangi ya kuitambulisha, na kasa mwenye nayo huogelea mzima. Hakuna dawa mahususi ya kuizimua. Hupita hata kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo aliyekula asinyonyeshe, na aende hospitali pamoja na mtoto hata kama hajaanza kuumwa. Dalili ni kichefuchefu, midomo na koo kuwaka, kisha usingizi mzito. Kasa analindwa na sheria pia, lakini hata pasingekuwa na sheria jibu letu lingekuwa hilihili.

Watafiti wamekuja kuchukua sponji na mwani kwenye mwamba wetu, wanasema ni kwa ajili ya dawa. Sisi tunapata nini? (Mvuvi, Tumbatu)

Mzee wetu, wanachotafuta kipo kweli. Sponji ni mnyama aliyeshikana na mwamba; hawezi kukimbia wala kuuma, hujilinda kwa kemikali. Dawa ya saratani ya damu iitwayo saitarabini ilitokana na utafiti juu ya sponji wa Karibiani, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1969. Lakini kutoka kipande cha sponji hadi kidonge hupita miaka mingi, na vipande vingi haviishii popote. Asije mtu akawaahidi utajiri.

Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika Oktoba 2014, inataka nchi yenye kiumbe iridhie kabla hakijachukuliwa, na mgawanyo wa faida uandikwe mapema. Kwa hiyo kabla hamjawapa ngalawa, ombeni kuona kibali cha utafiti cha Zanzibar na mshiriki wao wa hapa nyumbani. Ulizeni sampuli ya pili ya kila kipande itahifadhiwa wapi hapa visiwani, na matokeo yatarudi kwenu lini na kwa lugha gani. Kama ninyi ndio mliowaambia sponji gani anatibu nini, maelezo hayo yaandikwe kwa jina la kijiji. Wakati wa kuchukua, kipande kikatwe kwa kisu kikali na shina libaki mwambani, maana sponji aliyeachiwa shina huota tena, na aliyeng'olewa ameondoka. Andikeni wenyewe tarehe, mahali, kina na idadi ya vipande, na nakala moja ibaki kwa sheha.