Kupima nyumba kabla ya kuongeza vyumba

Kaka, umeuliza kama vipimo vya nje alivyochukua fundi vinatosha kuchora vyumba viwili vya nyuma. Havitoshi. Nyumba ya zamani hailingani na ramani yake, na mara nyingi hata ramani yenyewe haipo.

Ingieni ndani na futi kamba. Kila chumba pimeni kuta nne, kisha pembe kwa pembe, zote mbili. Chumba cha mita 3 kwa 4 kilichonyooka kitatoa mita 5 kamili pembe kwa pembe, huku na kule. Ukipata 5.08 huku na 4.92 kule, chumba kiko upogo, na ukuta mpya ukiufuata huo wa zamani utarithi ulemavu wake. Unene wa ukuta upimieni mlangoni, mkitoa plasta.

Usawa wa sakafu msiamini macho. Mpira wa maji, yaani mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, unatosha: maji husimama usawa mmoja ncha zote mbili. Kiwanja kikishuka nyuma, msingi utapanda, na tofali zitakula bajeti. Pimeni pia urefu hadi chini ya kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, maana bati jipya lazima lipate mteremko.

Halafu chimbeni kashimo kando ya ukuta wa nyuma muone msingi. Kwetu mawe yaliishia sentimita 40 tu, na fundi alishaanza kuzungumzia ghorofa!

Chemba, yale mashimo yenye mifuniko ya kukagulia mabomba ya majitaka, nazo zifunuliwe, mmwage maji chooni mwone yanaelekea wapi. Chumba cha kaka yangu kilichorwa juu ya shimo la choo, tukashtukia siku ya kuchimba msingi.