Jibu: Kikaango cha chuma kisicho na jina

Habari ndugu. Umeuliza kikaango ulichonunua mnadani Ohio, Marekani, ni cha kiwanda gani, maana hakina jina ila mstari uliovimba katikati ya kitako.

Tafadhali usiusage! Hilo ni kovu la pale chuma cha moto kilipomiminwa kwenye kalibu. Vya Marekani vyenye kovu hilo kwa kawaida ni vya kabla ya 1890 hivi. Kiwanda hakitambuliki kwa kovu pekee, maana viwanda vingi vidogo havikuweka jina. Geuza mpini, tafuta herufi au namba upande wa chini.

Kabla ya kupikia, pima madini ya risasi: zamani watu waliyayeyushia kwenye vikaango kama hiki. Masizi usiyaondoe kwa kuchoma kikaango motoni. Changu kilitoka chekundu, kimepinda, nikakipoteza hivyo.