Barua kwa mwanangu: saa iliyo ndani ya damu

Mwanangu Rehema,

Huku hatujambo, baba yako ameanza kupanda mahindi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unauliza kama ni kweli kuna kipimo cha damu kinachosoma alama za DNA na kumwambia aliyepona saratani amebakiza muda gani, na kama unitumie hela nikapime, mimi niliyepona saratani ya titi.

Kipimo kipo. Nilivyomaliza utumishi wangu maabara, nakielewa kidogo. DNA ichukulie kama kitambaa, na alama hizo za methili, yaani vipande vidogo vya kemikali vinavyojishika juu yake, kama chaki ya fundi cherehani. Kitambaa hakibadiliki, ila chaki ndiyo inayomwonyesha fundi pa kukata na pa kuacha. Umri huihamisha chaki hiyo, sigara pia. Mwaka 2013 mtafiti Steve Horvath wa Los Angeles alisoma sehemu 353 za alama akakadiria umri wa mtu; hesabu ya namna hiyo ndiyo wanayoiita saa. Mwaka 2019 ikaja saa ya GrimAge, inayokadiria hatari ya kufa. Kule Memphis, Marekani, hospitali ya St. Jude ilipima watu wazima waliougua saratani utotoni. Damu yao ilionekana imezeeka kuliko ya wenzao wasiougua, hasa ya waliopigwa mionzi kifuani. Hapo nililia. Watoto wale waliokolewa, na tiba iliyowaokoa ikawaachia uzee.

Lakini GrimAge ilijifunza kwa damu ya watu wa Framingham, Marekani. Tena inasema habari za kundi: wenye saa inayokimbia, wengi wao hutangulia kufa. Nani kati yao, haijui. Kuna saratani moja ya ubongo, glioblastoma, ambako alama ina kazi kweli. Utafiti wa 2005 ulionyesha kwamba wagonjwa ambao alama imezima jeni ya MGMT, inayoisaidia saratani kuishinda dawa, wakipewa mionzi pamoja na dawa ya temozolomaidi, nusu yao waliishi kufikia miezi 21.7; waliopewa mionzi peke yake, miezi 15.3. Pale daktari akipata jibu anajua ashike dawa gani. Mimi nikiambiwa saa yangu inakimbia, ataniongezea nini? Nitarudi nyumbani na namba tu, nilale nayo.

Hela hiyo nitumie kwa ajili ya mamografia, ile picha ya matiti, ya Novemba, na nauli. Unajua mkono wa kushoto hautobolewi tangu walipotoa tezi za kwapani, na wa kulia mshipa umekakamaa kama kamba tangu ile dripu nyekundu ya dawa ya saratani. Muuguzi huupapasa kwa kidole, anafumba macho kidogo, ndipo anachoma. Mshipa huo sitautoa kwa kipimo kisichonisaidia. Ila wakija watafiti wanaotafuta damu za wanawake wa huku waliopona, nitaunyoosha siku hiyohiyo. Nataka saa ijayo itufahamu na sisi.

Presha iko sawa, dawa nameza. Nipigie Jumapili baada ya ibada, baba yako naye ana maswali yake.

Mama yako